Bratwurst Ni Sawa, Lakini Mutura Ina Kosa Gani?

Wacha niseme mapema ndio tusisumbuane baadaye: napenda bia ya krafti inayopikwa hapa Kenya, na napenda soseji za Kijerumani. Zikikutana kwa meza moja Jumamosi jioni, kabla giza halijaingia vizuri, mimi sina maneno mengi. Hakuna kampuni imenilipa kuandika hii. Kila glasi niliyokunywa nimeilipia na M-Pesa yangu mwenyewe, na ujumbe wa kuthibitisha ninao.

Lakini kuna kitu hunikera kila nikikaa kwa hizi bustani za bia za Nairobi. Mtu analipa mia nane kwa bratwurst moja, viazi kidogo na kijiko cha haradali, anapiga picha, anasema "hiki sasa ndicho chakula." Kesho yake ukimwambia mpitie kwa mzee wa mutura pale stage, anakunja uso. Ati hiyo ni uchafu. Ati ni matumbo na damu.

Msee, kwani hiyo bratwurst unafikiri imefungwa na nini?

Soseji ya Kijerumani ya kienyeji hufungwa kwa utumbo wa nguruwe au wa kondoo, uliooshwa vizuri. Na damu pia wanayo: kuna soseji yao inaitwa Blutwurst, yaani soseji ya damu, na inauzwa mchana peupe, kwa duka safi, na hakuna anayeona haya. Hapo ndipo ugomvi wangu ulipo. Tumechukua ladha ya Mjerumani tukaacha somo lake. Yeye anaheshimu soseji ya kijiji chao na bia ya mtaa wao. Sisi vya kwetu tunaviita vya kishamba, na vingine tunaviita haramu.

Kwanza utamu wenyewe

Wacha nianze na bia, kwa wale hawajawahi kujaribu. Bia ya krafti ni bia ya kiwanda kidogo. Inapikwa kidogo kidogo, na aliyeipika ukimuuliza ameweka nini ndani anaweza kukujibu akikuangalia usoni. Kwa miaka mingi swali la baa ya Kenya lilikuwa fupi: Tusker ama White Cap? Kenya Breweries ilianza mwaka wa 1922, na hiyo bia yake imetulea, sina ubaya nayo. Halafu wakaja wadogo: Big Five ya pale Brew Bistro, Sirville, Bateleur, 254 na wengine. Ghafla menyu ikawa na nyekundu, na nyeusi, na ya ngano yenye ukungu, na ile chungu inayokunja ulimi kabla haijakuachilia.

Tofauti hizo hazitoki kwa rangi ya duka. Shayiri huloweshwa maji mpaka ichipue, halafu inakaushwa. Hicho ndicho kimea. Ukikikausha polepole, bia inatoka ya dhahabu na ladha ya mkate. Ukikikaanga mpaka kiwe cheusi, bia inatoka na ladha ya kahawa. Hopsi, yale maua ya kijani, ndiyo huleta uchungu na harufu. Shayiri tunalima wenyewe, upande wa Narok na Timau. Hopsi ndiyo ngumu kwetu, kwa sababu ule mmea hupenda siku ndefu za kiangazi cha kaskazini, na sisi watu wa ikweta siku zetu ni saa kumi na mbili tu, mwaka mzima.

Na hapa niwatetee wazee wetu kidogo. Mnajua lile swali la kila mhudumu wa baa: "Baridi ama moto?" Vijana hucheka wazee wanaoagiza bia moto, yaani isiyotoka kwa friji. Kumbe wazee hawakuwa mbali na ukweli. Bia ikiwa baridi kama barafu, ulimi unakufa ganzi, husikii kitu. Bia ya krafti, hasa nyeusi, iache mezani dakika kumi kabla ya kuimaliza. Utasikia vitu ambavyo hukuvisikia kwa funda la kwanza.

Sasa soseji. Bratwurst nzuri haina siri kubwa: nyama ya nguruwe iliyosagwa na mafuta yake kiasi, chumvi, pilipili manga, na viungo kama majoramu, kungumanga au kisibiti, kulingana na mji. Wapishi wengi huipitisha kwanza kwa maji moto yasiyochemka, halafu ndio inaenda kwa makaa yaliyotulia. Moto ukiwa mkali ngozi inapasuka, mafuta yanamwagika, na unabaki unatafuna mpira. Na tafadhali, usiidunge na uma ikiwa kwa moto. Ule mchuzi unaoutoa ndio umelipia.

Kwa nini vinapatana? Soseji ina mafuta na chumvi. Bia ina mapovu na uchungu. Mafuta yanapaka ulimi, bia inakuja inaosha, na ulimi uko tayari tena kama haujala kitu. Ndio maana ukiangalia sahani yako imeisha na hukumbuki saa ngapi. Bia ya ngano inaenda na soseji nyeupe zisizo na viungo vikali. Ile ya rangi ya shaba inaenda na bratwurst ya makaa. Na ile nyeusi yenye ladha ya kahawa… subiri, hiyo nitairudia.

Mjerumani na vya kwao

Watu wakisikia "Kijerumani" huwaza Oktoberfest ya München, ile sherehe iliyoanza na harusi ya mwanamfalme wa Bavaria mwaka wa 1810. Sawa, lakini hiyo ni karamu tu. Mambo yenyewe yako kwa miji midogo.

Nchi ile ina viwanda vya bia karibu 1,500, na vingi ni vidogo, vya mji mmoja au kijiji kimoja. Ukienda Köln, bia ya pale ni Kölsch, na Ulaya nzima jina hilo limelindwa na sheria: huwezi kupika bia popote upendapo ukaipa hilo jina. Inanyweshwa kwa glasi ya mililita 200. Najua mnacheka, hapa mililita 200 ni ya kuonjea, lakini wao wanaona fahari nayo.

Soseji ndio kabisa. Nürnberg wana kijisoseji chao, sentimita 7 hadi 9, uzito wa gramu 20 hadi 25, na tangu 2003 jina lake limelindwa Ulaya nzima. Thüringen nao wana yao, imelindwa mwaka huohuo, na wanakuonyesha karatasi ya hesabu ya mwaka wa 1404 kutoka mji wa Arnstadt inayotaja pesa zilizonunua utumbo wa kufunga bratwurst. Hebu fikiria hiyo. Risiti ya matumbo, ya miaka zaidi ya mia sita, na watu wameihifadhi kama cheti cha ndoa.

Ndio ile sheria maarufu ya bia ya Bavaria ya 1516, iliyosema bia ni shayiri, hopsi na maji basi. Hamira haikutajwa hata. Mimi siisifu kwa sababu ni takatifu, maana kwa kipimo hicho pombe ya wimbi haingeitwa bia. Naisifu kwa sababu inaonyesha watu waliokaa chini wakauliza: hiki kinywaji cha wananchi wetu, tukilinde vipi kiwe salama na kiwe chetu?

Sisi hilo swali tumejiuliza lini?

Sisi na vyetu

Mutura inatengenezwaje? Utumbo wa mbuzi au ng'ombe unaoshwa, unajazwa nyama iliyokatwakatwa, damu, vitunguu, dania, pilipili. Unachemshwa kwanza. Halafu unawekwa kwa makaa mpaka ngozi ikauke na ikaze. Sasa rudi juu usome vile nimesema kuhusu bratwurst: maji moto kwanza, makaa baadaye. Ni akili moja. Watu wawili wasiojuana, mmoja Nürnberg na mwingine Murang'a, waliangalia mnyama aliyechinjwa wakasema hakuna kitu kitatupwa hapa.

Mutura pia ina adabu yake. Hauulizi menyu. Unasema "nikatie ya hamsini," mzee anakata kwa ule ubao, anaweka chumvi na kachumbari pembeni, na mnakula mmesimama, wewe, fundi wa bodaboda, na jamaa mwenye tai aliyetoka ofisini. Hakuna bustani ya bia Nairobi ambayo imewahi kuchanganya watu hivyo.

Kwa upande wa vinywaji kuna jambo ambalo watu wengi hawalijui, na mimi hulipenda sana. Muratina ya Wagikuyu, ile pombe ya asali, huchachuliwa kwa tunda la mti wa mvungunya. Tunda linakaushwa na kuandaliwa, linatumbukizwa kwa asali na maji, na hamira iliyojificha kwa nyuzi zake ndiyo hufanya kazi. Lile tunda limening'inia mtini refu na nene kama soseji. Wajerumani walipouona ule mti wakauita Leberwurstbaum, yaani mti wa soseji za maini. Jameni, bia na soseji vilikutana kwa mti mmoja hapa kwetu, na sisi tunatafuta maana yake kwa menyu ya Westlands.

Na busaa je? Unga wa mahindi unachachuliwa, unakaangwa kwa bati juu ya moto mpaka unukie, halafu unachanganywa na maji na kimea cha wimbi. Soma tena: kimea, kukaanga, kuchachua. Hiyo ni kazi ileile ya yule kijana mwenye ndevu na aproni anayekuelezea bia yake nyeusi. Tofauti ni kwamba huyu ana mitungi ya chuma inayong'aa, na yule mathe wa Magharibi ana pipa na jirani zake. Huyu tunamwita msanii wa bia. Yule tunamwita mpika pombe haramu.

Hili halikuanza jana. Wakati wa mkoloni, hadi miaka ya 1940, Mwafrika hakuruhusiwa kununua bia ya chupa. Miaka ya 1920 baraza la mji wa Nairobi lilifungua kilabu chake Pumwani, likawauzia Waafrika pombe, na pesa zikaingia kwa baraza, huku mama aliyepika nyumbani kwake akikamatwa. Kwa hivyo mstari kati ya "bia" na "pombe ya kienyeji" haukuchorwa na ulimi. Ulichorwa na sheria, na ulikuwa na faida kwa mtu fulani. Mkoloni alienda, mstari ukabaki, na siku hizi tunaulinda sisi wenyewe.

"Lakini usafi?"

Najua swali hili linakuja, na ni la haki. Sitalikwepa.

Pombe mbaya inaua hapa Kenya. Februari 2024 kule Kangai, Kirinyaga, watu zaidi ya kumi walifariki baada ya kunywa pombe yenye sumu. Hao ni baba na watoto wa watu, na sitaki mtu atumie maneno yangu kutetea biashara kama hiyo. Lakini tutenganishe mambo. Busaa na muratina ni vinywaji vya kuchachua tu, kama bia. Mauti makubwa huja na pombe kali, hasa pale mtu asiye na huruma anapoongeza kemikali ya viwandani ili iwe kali haraka. Ukiviita vyote "kienyeji" na kuvisukuma gizani pamoja, umemsaidia yule muuaji. Gizani hakuna anayekagua.

Sheria ya 2010, ile ya Mututho, ilikubali hata chang'aa iuzwe, mradi itengenezwe kwa viwango na iwekwe kwa chupa ya glasi. Wazo lilikuwa zuri. Shida ni kwamba masharti yaliandikwa kama ya kiwanda kikubwa, na mathe mwenye pipa moja hawezi kuyafikia hata akiuza ng'ombe.

Kwa mutura ni vilevile. Kuna mahali mutura inatengenezwa vibaya, nyama haijulikani imetoka wapi, maji ni ya wasiwasi. Dawa yake ni maji safi ya bomba kwa vibanda, nyama yenye muhuri wa mkaguzi, na cheti cha afya ambacho mzee wa mutura anaweza kukilipia bila kuhonga mtu. Usafi wa bratwurst haukuletwa na damu ya Kijerumani. Uliletwa na ukaguzi na bomba.

Na nyongeza ya afya, kwa sababu nawapenda: soseji na pombe, ya Mjerumani ama yetu, si chakula cha kila siku. Tangu 2015 Shirika la Afya Duniani kupitia wataalamu wake wa kansa limeweka nyama za kusindikwa kwa orodha ya vitu vinavyosababisha kansa, na pombe ilikuwa kwa orodha hiyo tayari. Kunywa kidogo, kula na mboga, gari liache nyumbani. Alcoblow haijui kama bia yako ni ya krafti. Na wewe ambaye hunywi au huli nguruwe, hujakosa kitu. Mutura ya mbuzi na glasi ya maji ya ndimu ni karamu kamili.

Pesa pia zinasema

Mwisho wa 2024 sheria ya ushuru wa bia ilibadilika. Badala ya kutoza kwa lita, sasa wanatoza kwa kiasi cha kileo halisi kilichomo: shilingi 22.50 kwa kila sentilita, lakini kwa wapikaji wadogo wanaojitegemea ni shilingi 10. Chupa ya nusu lita yenye nguvu ya asilimia 5 ina sentilita 2.5 za kileo. Piga hesabu: kiwanda kikubwa kinalipa shilingi 56.25, mdogo analipa 25. Tofauti ni zaidi ya shilingi thelathini kwa chupa moja.

Hiyo ni hatua nzuri, na ndio maana sisi wanywaji tuna haki ya kuwauliza hawa wapikaji wetu wapendwa: hizo thelathini zimeenda wapi? Kwa nini glasi bado ni bei ya chakula cha familia? Najua kodi ya nyumba Westlands, najua bei ya hopsi za kuagiza. Lakini kama umepunguziwa kwa sababu wewe ni mdogo na wa hapa, basi kuwa wa hapa kweli.

Na kitu cha kuchekesha ni kwamba sheria hiyohiyo, kwa mstari uleule wa bia, imetaja pombe ya asali na pombe nzito isiyo angavu. Yaani muratina na busaa. Mtoza ushuru ameshaziweka meza moja na bia. Ni sisi wateja bado tunazikataza zisikae.

Kwa hivyo nataka nini?

Nataka vitu vitatu, na hakuna hata kimoja kinachohitaji tume ya uchunguzi.

Wenye bustani za bia: wekeni mutura kwa menyu. Si kama utani, si ile ya vipande vitatu kwa sahani nyeusi na jina la Kifaransa. Mtafuteni mzee wa mutura wa mtaa wenu, mpeni jiko safi na maji, mlipeni vizuri, na aandikwe jina lake kama vile mnaandika la mpishi wa bia. Halafu mpatie mteja ile bia nyeusi niliyosema nitairudia. Kaanga ya kimea, moshi wa makaa, damu, pilipili kidogo. Mimi nimejaribu, nilibeba mutura kwa gazeti nikaila nyumbani na stauti ya hapa, na nakwambia hakuna bratwurst imewahi kukaa hivyo na bia.

Wapikaji wa bia: tumieni wimbi, tumieni mtama, tumieni asali. Na mkitumia, semeni mmejifunza kwa nani. Tafuteni akina mama wanaojua busaa, wawe waalimu wenu wa kulipwa. Kaunti nazo ziwaangalie hao akina mama waliojiunga kwa vikundi, ziwape leseni inayolingana na ukubwa wa sufuria zao, na mkaguzi wa kuwafundisha badala ya askari wa kumwaga.

Na wewe unayesoma hii ukingoja wikendi: enda kula bratwurst yako. Furahia, lipa, piga picha. Lakini siku ukisimama kwa mzee wa mutura, piga picha pia. Sema "hiki sasa ndicho chakula" kwa sauti ileile uliyotumia Westlands, na usiinue bei yako mwenyewe kwa kumshusha yeye.

Mjerumani wa Arnstadt ameweka risiti ya matumbo miaka mia sita. Wewe mutura ya hamsini unaificha kwa gazeti. Tuanzie hapo.